Dada Alilazwa kwa Jina Langu

Machi 4

Meneja wa kiwanda cha uchapaji ametugawia wafanyakazi shajara zilizoharibika. Niandike mapema kwamba kosa si langu. Prufu niliyoisaini mimi, nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa, ilikuwa sahihi. Waliogusa sahani za kuchapia baadaye ndio waliotia Jumatano mbili kila wiki na kuifuta Ijumaa. Fundi Mitambo anasema atakayetumia shajara hii atafanya kazi hadi kiyama bila kuiona Ijumaa. Nimeichukua hivyo hivyo. Cha bure ni cha bure.

Mvua imeanza leo mchana. Nimerudi nikamkuta Dada amelala na cherehani imefunikwa. Dada si mtu wa kulala mchana. Yeye huchosha wengine, hachoki.

Machi 6

Gauni la mwalimu mmoja, mteja wa Dada, halijashonwa. Mwalimu amekuja, amefoka, ameondoka na kitambaa chake.

Machi 7

Binti ndiye aliyeniambia. Binti ni mtoto wa Dada, ana miaka kumi na saba, na uongo hauwezi kabisa. Ukimtuma amwambie mgeni kwamba hupo, atamwambia, "Amesema nikuambie hayupo." Leo amenifuata jikoni: "Mama mdogo, mama anatokwa na damu. Siku ya kumi na mbili hii."

Nikamwuliza Dada kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungenisahihisha?"

Kesho kutwa naomba ruhusa kazini.

Machi 9

Hospitali ya serikali. Tulifika kabla jua halijatoka vizuri tukakuta benchi zimejaa, na chini ya benchi watoto wamelala juu ya khanga. Dari linavuja sehemu tatu na kila sehemu ina ndoo yake. Mfagiaji akipita anamwaga ndoo dirishani na kuirudisha palepale.

Faili hakuna, unakuja na daftari lako la shule, daktari anaandikia humo. Tuliingia saa sita kasoro. Daktari ni kijana mwenye macho mekundu, na mbele yetu alikuwa ameshaona watu hamsini na kitu. Hata hivyo alisema, "Karibu mama, pole kwa kusubiri," jambo ambalo sikulitegemea.

"Kuna dawa inayokudhuru?"

"Penisilini," Dada akasema. "Nilidungwa nikiwa mtoto nikavimba uso mpaka mama yangu akadhani amekabidhiwa mtoto wa jirani."

Daktari alicheka. Akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya jalada la daftari la Dada, kwa herufi kubwa: PENISILINI ASIPEWE. Akapiga mistari miwili chini yake.

Ni uvimbe kwenye kizazi. Damu ya Dada imeshuka hadi saba, na inayotakiwa ni kumi na mbili. Dawa za kuongeza damu atapata, lakini uvimbe hauondoki kwa vidonge, hutolewa kwa kisu. Vyumba vya upasuaji viko vitatu na kinachofanya kazi ni kimoja, na hicho kwanza ni cha wazazi wanaokwama kujifungua.

"Kwa hiyo lini?" nikauliza.

Akafunua kitabu cha foleni. "Februari."

"Februari si imepita," Dada akasema.

"Ile nyingine, mama."

Machi 10

Mvua.

Machi 16

Kazini imeingia kazi kubwa: kijitabu cha wizara kuhusu matibabu kwa wote. Nimekisoma prufu neno kwa neno. Ukurasa wa tatu unasema: *Kila mtu atatibiwa, awe nacho au asiwe nacho, mahali popote alipo, kuanzia mwaka huu.* Sikuona kosa hata moja. Nilisaini nikarudi nyumbani nimechangamka kama mjinga, nikamwambia Dada asikate tamaa, mambo yanakuja, nimeyaona kwa macho yangu.

"Umeyaona wapi?"

"Kwenye prufu."

Alinitazama kwa huruma.

Machi 23

Kijitabu kimerudishwa na mteja. "Mwaka huu" imekatwa, juu yake imeandikwa "mwaka ujao." Nimesahihisha.

Machi 29

Juzi Dada alianguka bafuni. Binti alimbeba peke yake mpaka kitandani. Tulikwenda tena hospitali ya serikali, damu imefika sita. Walimlaza siku mbili, kitanda kimoja watu wawili, wakamwongezea chupa moja ya damu baada ya mimi na Fundi Mitambo kutoa zetu. Nesi wa wodi ile anahudumia vitanda thelathini na viatu vyake vimelowa muda wote. Nilimfokea kwa sababu ya shuka. Alipotoka nikamwona ameegemea ukuta amefumba macho, nikaona haya.

Aprili 2

Kazini nina bima. Kadi yangu ina nafasi nne za wategemezi: mume na watoto watatu. Sina mume wala mtoto, kwa hiyo zote nne ni tupu, na kila mwezi nakatwa kama wengine. Nimemwendea karani wa bima.

"Niandikie dada yangu."

"Dada si mtegemezi."

"Ni mgonjwa na hana kitu."

"Angekuwa mumeo ningemwandika hata leo."

"Basi nimwoe?"

"Usinichekeshe, niko kazini."

Nilitoka nje nikasimama mvuani bila sababu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na Dada kumi na saba. Aliacha shule akakalia cherehani ili mimi nisome. Kila herufi ninayoijua imeshonwa na yeye. Tukisema habari za kutegemea, mimi ndiye mtegemezi wake, lakini fomu haina nafasi ya kuandika hilo.

Aprili 3

Mvua. Damu tena.

Aprili 9

Fundi Mitambo amenivuta nyuma ya marobota ya karatasi.

"Kwani nyie hamfanani?"

"Nani?"

"Wewe na dada yako. Picha ya kadi ni ya miaka kumi iliyopita, hata wewe mwenyewe hufanani na yule wa humo. Mwazime kadi."

"Huo ni wizi."

"Nusu ya kiwanda hiki wametibiwa kwa kadi ya mwingine. Shemeji yangu alipasuliwa ngiri kwa jina langu. Siku nikipata ya kwangu wataniambia ilishatolewa." Alicheka, kisha akaacha. "Sikia. Wanaokata fedha ni haohao, wanaopasua ni haohao. Daktari yule wa asubuhi kule serikalini, nenda kamtafute saa nane mchana. Yuko pale kwenye hospitali ya kulipia, kavaa koti safi. Mtu mmoja, mkono mmoja. Kinachobadilika ni mlango."

Jioni nilikwenda kupita mbele ya hospitali ya kulipia, nikamwona kweli akishuka ngazi, na macho yake yalikuwa mekundu vilevile.

Aprili 14

Nimeamua. Niliandike kwa uwazi ili siku moja nisije nikamsingizia mtu: wazo lilikuwa la Fundi, uamuzi ni wangu.

Aprili 16

Fomu ya mapokezi ya hospitali ile huchapwa kwetu. Nimeisoma prufu mara sita, nayajua maswali yake yote ishirini na mawili kwa namba. Nimekuja na nakala moja nyumbani. Nilishawahi kutibiwa pale kifundo cha mkono, faili langu lipo, kwa hiyo majibu ya Dada lazima yalingane na yangu neno kwa neno. Wakikuta tofauti tumekwisha.

Tukakaa kitandani, yeye mwanafunzi, mimi mwalimu. Jina langu alilitaja kwa madaha, akaongeza na mikogo yangu ya kukunja pua. Umri: alifurahi kupunguziwa miaka saba. Kazi: "Msahihishaji. Mimi naona makosa ya watu." Binti alicheka hadi akakohoa.

Swali la tisa, watoto.

"Mmoja," Dada akasema.

"Huna mtoto, Dada."

"Ninaye, yule pale."

"Wewe ni mimi. Mimi sina."

Akamtazama Binti kwa muda, akasema taratibu, "Sina."

Tukaendelea. Maradhi ya urithi: hakuna. Upasuaji wa nyuma: hakuna. Swali la kumi na nne, dawa zinazokudhuru: hakuna. Damu ya kundi gani: O. Mpaka la mwisho bila kukwama. Nilirudia maswali yote mara tatu na mara ya tatu hakukosea hata moja. Nikampa mia kwa mia.

Daftari lake la kliniki nimelificha chini ya godoro, maana lina jina lake.

Aprili 19

Hospitali ya kulipia. Mlangoni mtu anakufungulia na kukusalimia. Viti vina mito. Binti aliuliza kama tunaruhusiwa kukaa. Tulisubiri dakika kumi na mbili, nilizipima.

Daktari wa Asubuhi, ambaye sasa ni wa mchana, alimtazama Dada, akatazama kadi, akamtazama tena.

"Tumewahi kuonana?"

"Labda umenifananisha na dada yangu," Dada akasema, na kunyoosha kidole kwangu.

Aliigeuza kadi upande wa pili. Kisha akasema, "Mnafanana sana," akavuta kiti karibu naye na kumpima polepole, bila haraka ile ya kule. Alijua. Alituhurumia. Usiku wa leo namwombea dua.

Upasuaji ni tarehe ishirini na nne. Kutoka Februari ile nyingine hadi siku tano.

Aprili 21

Wametutia damu chupa mbili. Nimeandika "wametutia." Mimi na Dada sasa tumekuwa mtu mmoja. Dada amekula vizuri na kunigombeza kuhusu nywele zangu. Sijapata kufurahia kugombezwa hivi.

Aprili 24

Naandika kwa sababu sijui kufanya kingine.

Saa tisa mchana walimpeleka. Nesi alimwuliza maswali ya mwisho mlangoni, amemshikia ubao wa kuandikia. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, nasikia kila kitu. Jina? Langu. Umri? Wangu. "Kuna dawa yoyote inayokudhuru?" Dada alinitazama juu ya bega la nesi, akakunja pua kama mimi, akasema, "Hakuna."

Nami nikatabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu. Nilifurahi kwamba amepatia.

Tulikaa kwenye viti vya mito mimi na Binti. Hazikufika dakika ishirini daktari akatoka, barakoa imening'inia sikio moja.

"Tumempa sindano ya kukinga kidonda kisioze kabla ya kupasua. Amevimba. Presha imeanguka. Faili linasema hana dawa inayomdhuru. Kuna kitu nisichokijua?"

Nilijua palepale. Niliona jalada la daftari na wino mwekundu. Na nikanyamaza. Si kwa muda mrefu, labda kama mtu kuvuta pumzi tatu, lakini katika pumzi hizo nilifikiria kadi, nikafikiria polisi, nikafikiria kazi yangu. Nayaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Dada yangu alikuwa anakosa hewa upande wa pili wa mlango na mimi nikafikiria kazi.

"Penisilini," nikasema.

Alikimbia. Nesi akakimbia nyuma yake na kitoroli, kisha mwingine. Binti akaniuliza, "Mama mdogo, kwani hukuwaambia?" Sikuweza kumtazama.

Saa kumi na mbili na dakika kumi daktari alirudi akitembea polepole. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Alisema walifanya kila kitu, na ninamwamini, kule walikuwa na kila kitu. Mashine zote zilikuwa nzima. Akasema tangu pale alipotoka kuniuliza walikuwa wameshaanza kumtibu, na neno langu halingebadilisha kitu. Hilo sijui kama ni kweli au ni huruma yake tena.

Binti hakulia. Alitoka, akaenda nyumbani, akarudi na daftari la kliniki amelikumbatia chini ya sweta lisilowe. Akampa daktari. Sijui alitaka nini. Nadhani alitaka tu mtu alisome.

Daktari alilitazama jalada. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu.

"Huu mwandiko ni wangu," akasema.

Aprili 25

Hakuna la kuandika.

Aprili 26

Ofisi ya karani wa hospitali, chumba kisafi chenye ua la plastiki. Kibali cha mazishi kimeandikwa jina langu. Nimesoma maelfu ya karatasi maishani mwangu na kalamu ikaruka yenyewe mkononi kutaka kusahihisha.

"Jina hili si lake," nikamwambia karani.

Karani ni mama wa makamo, hana ukali wowote. Aliweka miwani mezani. "Mwanangu, sikiliza kabla hujaendelea. Kama kadi haikuwa yake, bima hailipi. Bima isipolipa, mwili hautoki hapa mpaka bili iishe, na bili ya hapa hamtaimaliza. Mimi sijakusikia bado." Akamgeukia Binti. "Marehemu ni nani wako?"

Nilitaka kumziba mdomo. Nilijua atasema kweli.

"Mama mdogo," Binti akasema.

"Na huyu?"

"Ndiye mama yangu."

Alisema bila kupepesa. Karani akagonga muhuri.

Aprili 27

Tumemzika. Mvua haikuacha hata saa moja. Majirani wote walijua ni nani tunayemzika na hakuna aliyeuliza habari za karatasi.

Mei 4

Nilikwenda kazini kumweleza meneja kabla hajapata habari. Nilichelewa. Fundi Mitambo aliniona mlangoni akapiga kelele akaangusha sahani ya chuma, na mtambo ukasimama. Bima walikwisha kupiga simu kutoa pole. Wenzangu walikuwa wamechangishana rambirambi yangu. Karani wa bima alinishika mkono akaanza kulia, yeye ambaye siku ile alikataa kumwandika Dada.

Meneja alifunga mlango. Si mtu mbaya.

"Nikiripoti kwamba uko hai, hospitali itamfuata yule mtoto kwa bili na polisi watakufuata wewe. Nikinyamaza, siwezi kumlipa marehemu mshahara. Niambie wewe nifanye nini."

Nikamwambia anyamaze.

Fundi alinisindikiza hadi getini. Mwishowe akasema, "Ni mimi niliyekupa lile wazo." Nikamwambia wazo ni lake na uamuzi ni wangu, tayari nimeshaliandika. Wengine watasema sindano ndiyo iliyomwua, wengine daktari, na mimi najua sehemu yangu. Lakini Dada alikufa kwa sababu ilimbidi awe mimi ili atibiwe. Angeruhusiwa kuingia mlango ule kwa jina lake, pamoja na daftari lake, angekuwa hapa ananigombeza. Hakuomba zaidi ya hilo. Mtu yeyote hatakiwi kuomba zaidi ya hilo.

Kabla sijatoka, mezani kwangu nilikuwa nimekuta prufu ya kijitabu imerudi mara ya pili. "Mwaka ujao" imekatwa. Imeandikwa: "hali itakaporuhusu." Nikaisahihisha, kwa kuwa ilikuwa imekosewa nukta, nikaondoka.

Mei 5

Nimekalia cherehani. Sijui hata kuitia uzi.

Mei 9

Simu ya hospitali ya serikali. Daftari lao linasema Dada hajaenda kuchukua dawa za kuongeza damu. Nimewaambia nitakwenda. Nitakwendaje?

Mei 13

Mvua imepungua. Binti anarudi shule Jumatatu, muhula ulishaanza bila yeye. Amekaa mezani na fomu ya shule, anaijaza kwa mwandiko wa mama yake. Amefika kwenye sehemu ya wazazi.

"Mama mdogo, hapa pana visanduku viwili. Mama: hai, marehemu. Niweke alama wapi?"

Nikamwambia aache wazi.

"Fomu yenye pengo haipokelewi, hata wewe unajua."

Ninajua. Nilisimama nyuma yake. Akangoja, akangoja, kisha akaweka alama kwenye "hai," akaigeuza fomu upande wangu na kunipa kalamu. Nikasaini jina la Dada. Limetoka zuri.

Akapuliza wino ukauke.

"Ahsante, mama."

Nikamwambia asiniite hivyo.

"Lazima nizoee," akasema. "Jumatatu utanipeleka, na mwalimu mkuu atakuwa anasikiliza."